Ardhi Iliyolala

Mwaka juzi, mwezi wa sita, mume wangu alishindwa kufunga vifungo vya shati. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati wazi, koti limeshavaliwa juu yake. Nikamfungia mimi, nikianzia chini. Nje kulikuwa na ukungu na ile baridi ya Songea ambayo wageni wa Dar wakifika hawaiamini, wanauliza kama kweli hii ni Tanzania. Maji ya ndoo asubuhi yanauma meno.

Yeye ni fundi ujenzi. Tangu ujana wake ameshika saruji mbichi na maji baridi, na sasa ikifika Juni vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine. Anaviagiza, haviendi. Daktari alimpa vidonge, halafu akasema mahali penye joto pangemsaidia. Sijui kama daktari alikuwa na maana tuhame. Huenda alilisema tu, kama watu wanavyosema. Lakini mume wangu alilibeba neno lile hadi nyumbani, na kuanzia siku hiyo tukawa watu wa kuhama.

"Nataka joto," alisema, "nataka ardhi, na nataka mahali pa kutazama."

Nikamwambia joto nimeelewa, ardhi nimeelewa, ila kutazama sikuelewa.

"Hapa ninatazama nini?" akauliza, akaonyesha mbele kwa kidevu.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Lizaboni. Mbele ya baraza yetu kuna ukuta wa jirani, wa bloku. Zamani ukikaa pale uliuona mlima wa Matogoro vizuri, hata mawingu yakiushukia. Ukuta ule aliujenga mume wangu mwenyewe. Jirani alimlipa vizuri na ni mtu mwema, msiba wa mama yangu alisimama nasi kama ndugu, kwa hiyo sitaki mtu aone kama namlaumu. Kiwanja ni chake. Ila ndivyo ilivyokuwa. Kozi juu ya kozi, mstari wa bloku juu ya mstari, mume wangu alijizibia mlima kwa mkono wake, na mimi nilikuwa nampelekea uji.

Mimi niliishia darasa la saba. Huwa naandika mambo ya siku, lakini sina hakika kama nayaandika yalivyokuwa au nilivyoyaelewa. Katika haya ya kuhama nina wasiwasi zaidi, maana wakati ule sikuwa nasikia kitu ndani. Tangu tumzike mama nilikuwa mtu wa kukubali tu. Ukiniambia tule, nakula. Genge langu la nyanya pale Mfaranyaki nilikuwa nafungua na kufunga, mteja akinitania nacheka mahali pa kucheka. Sikuwa na huzuni, hata hiyo singeweza kusema ninayo. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Binti yetu yuko Dodoma, ameolewa huko. Alipopiga simu baba yake akamweleza mpango wote, joto, ardhi, mahali pa kutazama. Mtoto akasema nipewe simu.

"Mama, na wewe unataka wapi?"

"Popote baba yako atakapopata."

"Sikumuuliza baba. Nimekuuliza wewe."

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Tulianza na Namtumbo, kwa binamu yangu. Naweza kupaeleza kwa ufupi kwa sababu hapakuwa na ubaya. Ardhi ipo, mahindi yanakubali, lami inapita, ukitaka kurudi Songea unarudi siku hiyo hiyo. Binamu alitupokea kwa kuku. Lakini hali yake ya hewa tuliona haikupishana sana na ya nyumbani, na mume wangu alipoamka asubuhi alikuja na mikono kwapani. Binamu naye alimwona, akaacha kutuonyesha mashamba.

Mwezi wa kumi tukaenda Tunduru. Huko ana rafiki yake, fundi mwenzake wa miaka mingi, Myao, aliyeacha ujenzi akarudi kwao kwenye korosho. Huyu bwana alitukumbatia pale pale stendi.

"Mashaallah, fundi! Umezeeka kama nyumba uliyoijenga mwenyewe."

"Na wewe umenenepa kwa uvivu."

"Uvivu? Mkorosho haupaliliwi kwa kulala. Shikamoo shemeji, samahani, nimekupa shikamoo kwa kukuonea huruma, unaishi na huyu."

Nilicheka. Mkewe alitupikia, tukalala pazuri, joto lilikuwa joto kweli. Asubuhi akatupeleka kuona. Mikorosho imesimama kwa mistari, kivuli chini yake kizito, na pembeni eneo wazi alilosema tunaweza kulichukua. Udongo wenye kina. Alituambia bila kuficha kuhusu tembo, kwamba miaka mingine wanashuka na wakishuka wamekula. Mtu anayekuonyesha ubaya wa mali yake kabla hujauliza, mimi namheshimu.

Mume wangu alizunguka. Akachuchumaa, akaweka kiganja chini, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Ardhi imelala," akasema.

"Imelala vipi?" rafiki akauliza. "Wewe unataka ardhi isimame?"

"Maji yataenda wapi?"

"Yataenda chini, fundi. Kwani kwenu yanaenda juu?"

Hapa inabidi nieleze, maana hata mimi Mngoni sikuyajua mpaka nilipoolewa. Mume wangu ni Mmatengo wa Mbinga, na kwao ni milima mitupu. Wanalima kwenye mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili. Mvua zikielekea kuisha, mwanaume anafyeka majani, anayalaza shambani kwa mistari, ya kwenda na ya kukatiza, mpaka shamba zima linakuwa miraba kama mkeka wa vyumba. Halafu mwanamke anaingia na jembe. Anasimama katikati ya mraba, anachimba, udongo anautupa juu ya majani. Katikati panabaki shimo, ukingoni panakuwa tuta lenye majani tumboni, na hapo juu unapanda maharage. Mashimo hayo yanaitwa ngolo. Mvua ikija maji yanatulia humo, hayabebi shamba kulipeleka bondeni.

Mama mkwe alinifundisha mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikuwa mkali, lakini ni kweli nilikuwa mzito kuelewa. Aliniambia mwanaume akishalaza nyasi amemaliza kusema yake. Mwanamke akiweka udongo amekubali. Asipouweka, nyasi zinakauka pale, na kila apitaye njiani anajua kwamba nyumba ile kuna jambo.

Basi kwa mtu wa namna hiyo ardhi tambarare si ardhi, ni uwanja. Nilimwelewa. Lakini pia nilimwelewa rafiki yake, ambaye alikuwa ametupatia kitu kizuri na kikaitwa kimelala.

Kwenye basi la kurudi mume wangu akaniuliza, "Umeonaje?"

"Sawa tu."

"Sawa tu ya kukubali au sawa tu ya kukataa?"

"Sijui."

Alitazama dirishani mpaka Namtumbo. Nadhani alitaka nigombane naye kidogo. Ningekuwa na la kugombania ningegombana.

Mwaka uliofuata vidole havikusubiri Juni. Februari, mvua zikiwa zimekazana, alikuwa juu ya jukwaa kwenye nyumba moja ya ghorofa hapo mjini, na mwiko ukamtoka mkononi. Haukumwangukia mtu. Ulijichomeka kwenye rundo la mchanga chini, ukasimama wima. Vijana wa kazi wakacheka, naye akacheka, akashuka, akaja nyumbani mchana. Aliuweka mwiko juu ya kabati, akaniambia, "Nikifika Juni nyingine hapa, hii mikono mtaizika kabla yangu." Nikasema tumwone daktari tena. Akasema daktari ameshasema.

Kwa hiyo Machi tukaenda ziwani, upande wa Nyasa, kwa dada yake aliyeolewa huko. Unapita Mbinga kwenye baridi, halafu barabara inaanza kushuka, inashuka tu, na kila kona unavua kitu. Mimi nilivua sweta, yeye akavua koti, kisha kofia.

Wifi yangu alitusikia kabla hatujafika uani.

"Mngoni amekuja! Ficheni ng'ombe!"

"Huna ng'ombe, wifi."

"Ndiyo maana nina amani. Ninyi watu mna nini? Mababu zenu walitufukuza mpaka tukapanda milimani kwenye baridi. Sasa tumeshuka huku kujiotea jua, na bado mnatufuata!"

"Huyu ndiye chanzo," mume wangu akasema, akininyooshea kidole kilichopinda. "Ukoo wake ndio umeniharibu mikono. Kama tusingekimbilia kule juu, leo ningekuwa mzima."

Utani huu wanaufanya kila tukikutana na mimi huwa najibu. Siku hiyo nilijibu kwamba waliokimbia ndio wanaojua kwa nini walikimbia. Wakacheka, wifi akanigonga mgongo. Akatuandalia ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma, na tulipomaliza akatupeleka ufukweni kutazama.

Ziwa ni zuri. Naandika hivyo kwa sababu kila aliyekuwepo alisema hivyo na macho yangu hayakuwa na hoja ya kubisha. Maji yalikuwa ya buluu, kisha ya kijani karibu na mawe, na mbali kulikuwa na kivuli walichosema ni milima ya Malawi. Mume wangu alisimama muda mrefu. Nilimtazama yeye zaidi ya ziwa. Nilijua kwamba hapa ndipo mtu huwa anavuta pumzi na kusema kitu. Nikasema, "Ni pazuri." Sauti ilikuwa yangu.

Tatizo lilikuwa ardhi. Miteremko ya nyuma ya kijiji ni mawe, na palipo na udongo pana wenyewe. Shemeji, mume wa wifi, mtu mpole asiyependa maneno, alituambia anacho kipande kimoja tu cha kutugawia, nyuma ya mihogo yao. Tulikiona jioni. Kimejaa majani marefu, udongo wake ni mchanga, na kimelala kuliko hata Tunduru. Mume wangu hakuinama hata kukigusa. Nikajua tunarudi Songea, na kwamba safari zimeisha, na kwamba Juni itatukuta pale pale mbele ya ukuta. Hata hilo lilipita ndani yangu bila kugusa pembeni.

Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Wifi alikuwa jikoni anapuliza moto. "Kaka yangu kachukua mundu," akasema, "sijui anamwinda nani."

Tukamfuata. Jua lilikuwa limeshatoka. Alikuwa kwenye kile kipande, ameshafyeka sehemu kubwa, na majani ameyalaza. Mstari wa kwenda, mstari wa kukatiza. Miraba imenyooka kama kozi za ukuta, kwenye mchanga, kwenye ardhi tambarare kama meza.

Wifi alishika kiuno. "Kaka. Unafanya nini?"

"Ninalima."

"Unalima bwawa! Hili si Mbinga. Mvua moja tu hayo mashimo yanajaa, utafuga vyura. Huku tunaweka matuta, tunapanda muhogo, tunakwenda zetu kuota jua. Mngoni, mwambie mumeo."

Nilisogea ili nimwambie. Nilikuwa na hoja tayari mdomoni, na ilikuwa ya haki: rafiki yake wa Tunduru alitupa ardhi bora kuliko hii mara nyingi, naye aliikataa kwa neno moja. Kama ni udongo peke yake, Tunduru ilizishinda zote. Nilisema wakati ule kichwani na leo naandika hapa, ili asije mtu kufikiri tulichagua kwa akili.

"Hii nayo imelala," nikamwambia.

"Naona," akasema.

Hakuacha kufyeka. Ndipo nikaona mkono. Vidole vyote vinne vilikuwa vimezunguka mpini wa mundu na gumba limekuja juu yake, limefunga. Alikuwa anakamata majani kwa mkono wa kushoto, tita zima, na tita halimtoki. Shati alilovaa lilikuwa limefungwa mpaka shingoni, na mimi ndio kwanza nilikuwa nimeamka.

"Kulima kwingine sikujui," akasema, kama anayaambia majani. "Na mikono imekubali."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilijua ni jambo la kufurahi, kama unavyojua leo ni Jumapili. Nilisimama pale nikatazama miraba, na nikamkumbuka mama mkwe, na nikafikiri mambo mengine ambayo hayakuwa na maana, kama nani ataninunulia nyanya huku ambako kila mtu ana zake. Wifi alikuwa ameitoa mikono kiunoni sasa. Naye ni binti wa Mbinga, alijua anachokitazama. Nyasi zimeshalazwa. Aliyebaki kusema nilikuwa mimi.

"Haya Mngoni," akasema, si kwa utani safari hii. "Na wewe unataka wapi?"

Nikamwambia aniazime jembe.

Nilichimba mpaka jua likawa kali. Mchanga ni mwepesi, jembe linaingia lenyewe, lakini hauna adabu. Unautupa juu ya majani, nusu unabaki, nusu unarudi kukufuata miguuni. Miraba ya kwanza niliitengeneza mara mbili. Watu wa kule walipita kwenda ziwani, wakasimama, wakauliza kama tunatafuta madini. Shemeji alikuja, akatazama, akasema tu, "Poleni na kazi," akaenda kutuletea maji ya kunywa. Sikuwa najua kama nafanya jambo jema au nafanya tu jambo. Mpaka leo sijui vizuri.

Mvua ilikuja kabla wiki haijaisha, tukiwa tumeshapanda maharage, na ikawa kama wifi alivyosema. Mashimo yalijaa. Matuta yalilegea yakaketi. Usiku vyura waliimba mpaka wifi akagonga ukuta wa chumba chetu, "Mngoni, mifugo yako inakuita!" Maharage mengi yalioza, machache yakatoka pale ambapo majani yalikuwa mengi. Mume wangu aliyatazama, akaenda mwenyewe kwa shemeji kuomba afundishwe matuta. Hilo lilimgharimu kuliko watu wanavyodhani. Tulirudi Songea kufungasha, tukahama kabla ya Juni. Jirani mwenye ukuta alitusaidia kupakia.

Sasa tuko huku mwaka wa pili. Niseme yaliyo kweli: mikono haijapona. Ziwa nalo lina upepo wake, mwezi wa sita na wa saba unavuma kutoka kusini siku nzima, na kuna asubuhi anakuja kwangu na shati wazi, nafunga. Lakini ni asubuhi moja moja. Mbu ni wengi, nimeugua malaria, naye ameugua. Mamba wapo. Muhogo wetu umekubali. Nyanya zangu zinauzika kidogo, kinyume na nilivyodhani. Kaburi la mama analipalilia mdogo wangu, na ananitumia picha, nami namjibu asante.

Ndani bado ni vile vile, au karibu na vile vile. Binti akiuliza kama napapenda namwambia papo tu.

Mwezi huu mume wangu ameanza kutujengea nyumba, polepole, tofali chache kwa siku, na anapumzika akiona vidole vinakataa. Juzi alikuwa anapima chumba cha jiko. Amefunga uzi wake kwenye vigingi, akaniita nikiwa naosha vyombo.

"Dirisha lako niliweke wapi?"

"Popote."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyelitegemea jibu hilo, akaanza kupigilia kigingi upande wa ziwa. Nikarudi kwenye vyombo. Nikaosha sahani moja, nikaikausha, nikaiweka. Halafu nikatoka tena.

"Upande wa mlima," nikasema. "Tulikotokea."

Alinitazama. "Huko hakuna cha kuona. Ni mawe."

"Ziwa litazame wewe barazani."

Aliweka nyundo chini. Kisha akapiga magoti, akang'oa kigingi, akakihamisha, na kwa vidole vile vile akaanza kufungua fundo la uzi.